Kangomba

Mama aliingia maabara na ndala zake mkononi,
matope ya Kitere yamekauka visiginoni,
na jani moja la mpunga ndani ya daftari la vikoba.
"Nionyeshe," akasema, "huyu anayenila."

Nikachuna ngozi ya jani, nyembamba kuliko ganda la kitunguu,
nikaiweka chini ya hadubini.
Funga jicho moja, mama. Tazama.

Tone la umande la saa kumi usiku:
kijimbegu cha ukungu kimetua, kimejigandisha kwa ute wake,
hakina mdomo, hakina kucha,
kikatoa mguu mmoja, kikapima utelezi wa jani,
kikajenga kuba jeusi, dogo kuliko vumbi,
na humo ndani kikasukuma maji, kikasukuma
— tairi la Fuso lililoshiba korosho za Newala
lina labda sehemu ya kumi ya nguvu hiyo.
Hodi haikupigwa. Ukuta ukatoboka.

Mama akabana midomo. "Na mwenye nyumba?"

Mwenye nyumba yu hai. Hilo ndilo linalonishangaza kila nikitazama.
Uzi wa mgeni umeingia ndani ya seli, na seli haijapasuka:
imemkunjia ngozi yake yenyewe, imemviringishia
kama unavyomfunika mtoto shuka;
na kati ya ngozi hizo mbili pana ujia mwembamba
ambao mwanga wangu haufiki.
Humo ndimo wanamopeana.
Mgeni anatoa vijizawadi, protini ndogondogo,
moja ya kufuta harufu yake ili asitambuliwe,
moja ya kumnyamazisha mlinzi,
nyingine zinatangulia kwa jirani kupitia vijidirisha
kwenda kumtandikia mkeka.
Na seli inatoa sukari. Inatoa, inatoa,
sukari iliyopikwa juani kwa ajili ya punje.
Hakuna mzani. Hakuna stakabadhi.

Hapo mama akainua kichwa, akacheka kicheko kibaya.
"Huyu namjua. Huyu ni mtu wa kangomba."

Sikumjibu. Nilikumbuka mwezi wa tatu, ghala tupu,
pikipiki ya Chilumba imeegeshwa chini ya mkorosho
ambao hata maua haujaota,
naye ameshika kilo mbili za sukari, sare ya shule ya Hadija,
anaongea taratibu, anaita kila mtu shemeji.
Bakuli lake la kupimia alikuwa amelificha chini ya kiti.
Oktoba ndipo tulipoona lina kina gani.

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu ya tatu halipokei: analo.
Siku ya nne, ya tano, jani lina jicho la kijivu, kope za kahawia,
na katika jicho hilo vijimbegu maelfu vinangoja upepo
wa kuelekea kwa Bi Somoe, kwa Mzee Nantanga, ng'ambo ya mfereji.

"Lakini tazama na hili," akasema mama,
akafungua ukurasa mwingine wa daftari.
Jani la mbegu ya bibi, ile ndefu yenye punje chache
ambayo sisi wasomi tulimwambia aiache.
Hakuna jicho. Kuna vidoa tu, kama ncha ya sindano.

Nikaeleza: hapa seli ilimtambua mgeni kwa zawadi yake,
ikaujua mkono kabla ya kuona uso,
ikajichoma moto, ikafa na sukari yake,
na jirani hakuguswa.

Nilitaka afurahi. Mama akakaa kimya,
akavaa ndala, moja, kisha nyingine.
"Kufa mapema nako si dawa, mwanangu," akasema.
"Ila mbegu hiyo nitairudisha kwenye kile kipande cha juu."

Mlangoni akageuka:
"Chilumba anakuja Jumamosi.
Ile sukari ya mwaka huu bado sijaifungua."